Bafu la maji ya kisima: namna ya kuondoa utando wa sabuni na chokaa bila kuharibu vigae

Dereva mmoja wa malori ya njia ya Mombasa aliniita asubuhi nikiwa napiga deki barazani. "Samahani mama, hili bafu huwa linasafishwa kweli?" Nilishikwa na uchungu, maana jana yake jioni nilikuwa nimepiga magoti humo ndani nikisugua mpaka pakiti ya sabuni ya unga ikaisha. Tukaingia pamoja nikatazama kwa macho yake. Ukuta ulikuwa na ukungu mweupe kuanzia usawa wa kiuno kushuka chini. Bomba lilikuwa limevaa kola ya mawe shingoni. Shawa yenye matundu zaidi ya arobaini ilikuwa inatoa maji kwa matundu saba, moja likirusha pembeni kuelekea mlangoni. Mgeni hakunionea. Na mimi nilikuwa nimesafisha kweli. Tatizo ni kwamba kilichobaki pale kilikuwa jiwe, na jiwe halitoki kwa sabuni ya unga hata ungesugua wiki nzima.

Naendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na maji yangu ni ya kisima cha pampu. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa habari za mawe ya chokaa. Milima ya Sukulu imechimbwa miaka mingi kwa ajili ya sementi. Maji ya mvua yakizama ardhini hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi, yakawa na ukali kidogo, na ukali huo hulamba mawe ya namna hiyo taratibu. Maji hayabadiliki rangi. Unayateka yakiwa meupe kama kioo, lakini ndani yake kuna kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu. Yakikauka juu ya kigae au yakipashwa moto, jiwe hurudi kuwa jiwe.

Wanaopima maji huhesabu kuwa yakizidi miligramu 180 za chokaa kwa lita, ni magumu sana. Chukua maji yenye miligramu 300 kwa lita: jerikeni moja ya lita 20 imebeba gramu 6, ambazo ukizikusanya zinakaribia kijiko cha chai. Si zote zinazobaki ukutani, nyingi huenda na maji. Lakini hesabu majerikeni ya mwaka mzima, utaelewa ile kola ya bomba imetoka wapi.

Kampala mambo ni tofauti. Maji ya bomba pale hutoka Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa ni laini, kwa hiyo ndugu zangu wa mjini mara nyingi shida yao ni mafuta ya mwili, sabuni na kuvu kuliko chokaa. Ila wenye visima vyao hata Kampala watajiona katika haya ninayoyaeleza.

Kujua maji yako ni ya aina gani, huna haja ya maabara. Chukua chupa mbili safi za plastiki. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji yako, kiasi sawa. Kwangua vipande vya sabuni ya mche, ukubwa wa punje ya harage kila chupa, ufunge, utikise. Maji ya mvua yatajaa povu mpaka shingoni. Maji magumu yatatoa povu dogo linalokufa haraka, na maji yenyewe yatageuka kama maziwa yaliyoganda, yenye chengachenga nyeupe. Zitazame vizuri hizo chenga, maana ndizo zinazokaa ukutani mwako: kalsiamu imekamata mafuta ya sabuni, vikawa kitu kimoja kisichoyeyuka kwenye maji. Huo ndio utando wa sabuni.

Kabla sijaingia kwenye hatua, niseme kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha mpangilio huu wote.

Baada ya aibu ile nilimwita fundi. Akaja na asidi kali kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi ya jina. Akaimwaga ukutani na sakafuni kama anamwagilia mboga. Ikachemka, ikatoa moshi, tukatoka nje tukikohoa. Tuliporudi vigae vilikuwa vinang'aa kama sahani ya harusi. Nililipa kwa furaha. Miezi michache baadaye nikaona mistari iliyo katikati ya vigae imelika, ukipitisha ukucha unazama. Kromu ya bomba ikawa ya kijivu, imepauka, na haikurudi tena. Kisha vigae vitatu vya chini vikaanza kulia "tupu" ukivigonga: maji yalikuwa yamepata njia ya kwenda nyuma. Ile groti iliyo katikati ya vigae ni sementi, na sementi imetokana na chokaa. Asidi haiwezi kutofautisha jiwe usilolitaka na jiwe linaloshika nyumba yako. Inakula yote.

Ndiyo maana naomba uchukue jambo hili mapema: kazi hii hufanywa na asidi dhaifu iliyopewa muda. Asidi kali ya fundi, na zaidi ya hapo asidi ya betri ambayo nimesikia watu wakiitumia chooni, ziache kabisa.

Hatua ya kwanza: tambua doa

Kausha sehemu moja kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha. Ukikwangua kitu laini, cheupe au cha kijivu, kinachoteleza kama mshumaa, huo ni utando wa sabuni. Ukikuta kitu kigumu kinachokwaruza kama ganda la yai, hiyo ni chokaa. Hakikisha kwa kudondosha tone la ndimu juu yake. Chokaa itatoa vipovu vidogo, na ukisogeza sikio karibu na bomba utasikia inalia kama soda iliyofunguliwa. Tone liweke juu ya kigae au chuma, usiliweke kwenye groti, maana groti nayo itatoa vipovu na utadhani ni uchafu.

Mara nyingi utakuta vyote viwili vimepandana, tabaka la sabuni juu ya tabaka la chokaa. Hapo utaondoa ya juu kwanza. Ukianza na siki juu ya utando mnene wa mafuta, siki haifiki kwenye jiwe.

Doa la rangi ya udongo mwekundu au hudhurungi, hasa chini ya bomba na ndani ya choo, ni kutu ya chuma kilichomo majini au kinachotoka kwenye mabomba ya zamani. Lina dawa yake, nitalifikia. Weusi unaotambaa kwenye pembe na kwenye groti ni kuvu.

Hatua ya pili: tambua unachokisafisha

Hapa ndipo nyumba nyingi huharibika. Vigae vya kung'aa vya ukutani na sinki la kauri havidhuriki na siki. Kioo pia kinavumilia. Kromu inavumilia kwa muda mfupi tu.

Terazo haivumilii. Nyumba nyingi za Uganda, za zamani na mpya, zina sakafu ya terazo: vipande vya marumaru vilivyoshikwa na sementi, vikasagwa na kung'arishwa. Marumaru ni jamaa ya chokaa. Tone la ndimu likikaa pale dakika chache linaacha alama isiyo na mng'ao, na alama hiyo haifutiki kwa kitambaa. Mpaka fundi arudi na mashine. Sakafu ya sementi iliyopigwa niru, kama zile za mabafu ya pamoja kwenye mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga, nayo ni hivyohivyo. Kwenye hizi mbili usitumie siki, ndimu wala dawa yoyote ya choo.

Kama hujui sakafu yako ni nini, jaribu kwenye pembe iliyojificha nyuma ya mlango. Tone moja, dakika tano, suuza, kausha, tazama dhidi ya mwanga.

Vitu vya kuandaa

Siki nyeupe, chupa moja. Asidi ya sitriki, ile chenga nyeupe inayofanana na sukari na kuwekwa kwenye juisi; utaipata kwenye maduka yanayouza malighafi za juisi na sabuni, kama yale ya Kikuubo kule Kampala, na hata huku wilayani wapo wanaoipima kidogokidogo. Mimi naipenda kuliko siki kwa sababu haina harufu na ni nyepesi kubeba. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Soda ya kuokea. Chupa ya kupulizia, glavu, miswaki miwili iliyochakaa, kitambaa cha pamba, kaveera (mifuko ya plastiki) kadhaa, vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli vya kufungia. Na dodoki, kile Waganda wanachokiita ekyangwe. Dodoki kavu likilowa linakuwa na ukali unaotosha kusugua bila kukwaruza kigae. Stilwaya ya sufuria ibaki jikoni: ikichana uso wa kigae, kila mchano unakuwa nyumba mpya ya uchafu, na nyuzi zake zikibaki zinaota kutu.

Sasa neno ambalo nalisema kwa uzito wote. Jik au dawa nyingine yoyote ya klorini isikutane na siki, ndimu, sitriki wala dawa ya choo yenye asidi. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo chenye dirisha la kiganja. Gesi hiyo huunguza macho na mapafu. Ukihisi harufu kali ya ghafla na kikohozi, toka nje mara moja uache mlango wazi. Usibaki kumwagia maji. Kuchanganya si lazima kuwe kwenye ndoo: ukimwaga Jik chooni asubuhi na siki mchana bila kusuuza, umechanganya. Kila dawa ipewe siku yake.

Kuondoa utando wa sabuni

Utando mpya, wa wiki moja au mbili, hutoka kwa maji ya moto na sabuni ya maji. Lowesha ukuta, paka, acha dakika kumi, sugua na dodoki. Usiende mbali zaidi kama hapo panatosha.

Utando wa miezi unataka hivi. Weka chupa ya siki ndani ya beseni la maji ya moto mpaka iwe vuguvugu. Changanya kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha sabuni ya maji, zungusha polepole ili povu lisijae, mimina kwenye chupa ya kupulizia. Siki inaivunja ile ndoa ya kalsiamu na mafuta. Sabuni inayabeba mafuta yaliyoachiliwa. Kila moja peke yake hufanya nusu ya kazi, na ndiyo sababu watu wengi hujaribu siki tupu wakasema haifai.

Kwanza kabisa mwagia ukuta mzima maji safi, hasa kwenye mistari. Usiruke jambo hili. Groti ina vijitundu. Ikishashiba maji haina nafasi ya kunywa asidi. Halafu pulizia mchanganyiko kuanzia chini kupanda juu. Ukianza juu, inateremka michirizi kwenye ukuta mkavu na michirizi hiyo hubaki ikionekana. Acha dakika 15 hadi 20, ukipulizia tena panapokauka, kwa sababu dawa iliyokauka haifanyi kazi. Sugua kwa duara, ukibonyeza kwa wastani. Utaona dodoki linajaa kitu kama uji mzito wa kijivu. Suuza kuanzia juu kushuka, maji mengi. Kama kuna pahali pamebaki, rudia. Mara mbili za upole ni bora kuliko mara moja ya ukali.

Nimeona pia watu wakichanganya siki na soda ya kuokea kwenye chupa moja, kwa sababu ule mchemko unaonekana una nguvu. Hauna. Asidi na soda zinauana, na povu likiisha umebaki na maji ya chumvi. Soda itumie peke yake: changanya vijiko vitatu na maji kidogo iwe kama dawa ya meno, paka kwenye sehemu ngumu, sugua na mswaki. Inafaa sana kwenye pembe za sinki na kwenye kibao cha sabuni.

Chokaa kwenye bomba na shawa

Hapa ndipo nafurahia kazi, maana matokeo unayaona kwa macho.

Koroga vijiko viwili vya chakula vya asidi ya sitriki kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu. Kwa bomba, lowesha kitambaa cha pamba, kizungushe shingoni mwa bomba pale penye kola, kibane kiguse jiwe kila upande, kisha funika kwa kaveera ili kisikauke. Dakika 30. Fungua, piga mswaki. Kama jiwe ni nene, rudia dakika 30 nyingine, lakini usiache usiku kucha kwenye kromu. Asidi dhaifu nayo ikipewa usiku mzima inapausha.

Shawa, kama inafunguka, ifungue uiweke kwenye bakuli la dawa hiyo. Kama imeshikilia, mimina dawa ndani ya kaveera, ining'inize mpaka uso wa shawa uzame, funga kwa mpira wa tyubu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilisimama pale nikitazama: vipovu vidogo vikatoka tundu moja baada ya jingine, kama samaki wanaopumua. Baada ya saa moja nilitoa, nikapitisha sindano kwenye kila tundu, nikageuza shawa nikaitikisa juu ya kiganja. Zikadondoka chenga nyeupe bapa, nyingine ukubwa wa kucha ya mtoto, zenye alama ya duara ya matundu. Niliporudisha na kufungua maji, mistari yote ilishuka wima. Ilikuwa shawa ileile niliyotaka kuitupa.

Ila kama shawa yako ni ile ya umeme inayopasha maji palepale, usiifunge kaveera ya dawa wala kuipulizia. Zima swichi yake na ya kwenye kisanduku kikuu, kisha fungua kile kisahani cha matundu cha chini peke yake kama kinatoka, kioshe mbali, kikauke, ndipo urudishe. Isipofunguka, mwite fundi umeme.

Ukimaliza chokaa popote, suuza vizuri, halafu pitisha kitambaa chenye maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwa lita. Hapa soda ina kazi ya kweli: inaua asidi iliyobaki kwenye groti.

Kwa ukuta wenye chokaa, njia ni kama ya utando: lowesha kwanza, pulizia sitriki, dakika kumi hadi kumi na tano, sugua, suuza, soda. Usizidishe dakika ukitumaini kuokoa nguvu.

Kioo cha bafu

Kioo kinachopauka, mlangoni au juu ya sinki, kifute na siki ya vuguvugu kwa kitambaa, kisha gazeti au kitambaa kikavu. Kioo cha kujitazamia usikipulizie. Lowesha kitambaa, maana dawa ikiingia ukingoni inakula ile rangi ya nyuma na utaona weusi unatambaa. Kwenye kioo cha mlango, chokaa nene unaweza kuikwangua kwa wembe mpya ulioulaza sana, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni. Kama baada ya yote bado kina ukungu hata kikiwa kimelowa, basi kioo chenyewe kimelika, na hakuna dawa ya dukani itakayokirudisha.

Choo

Mstari wa chokaa ndani ya choo haufikiwi na dawa kwa sababu maji yaliyotuama yanaizimua. Mwaga ndoo ya maji kwa nguvu mara moja ili yaliyomo yashuke, kisha kausha kilichobaki kwa kopo na kitambaa. Weka karatasi za choo juu ya mstari wa doa, zilowe sitriki, zishike kama plasta. Zikae usiku kucha. Kauri haina shida na hilo. Asubuhi zitoe karatasi kwa glavu, tupa kwenye pipa, sugua, vuta maji. Doa sugu sana huondoka kwa jiwe la kusugulia miguu, likiwa limelowa na choo kimelowa, mkono mwepesi. Jiwe hilo liwe la choo tu tangu siku hiyo.

Madoa ya kutu

Usiyapake Jik. Nimeona doa la rangi ya chai likigeuka la rangi ya matofali kwa Jik, kwa sababu klorini inazidisha kukifanya chuma kuwa kutu. Sitriki ndiyo dawa, kwani inakishika chuma na kukiyeyusha. Tengeneza nzito kidogo, vijiko vitatu kwa nusu lita, tandaza kitambaa kilicholowa juu ya doa, funika kaveera, saa moja, rudia. Doa la miaka linaweza kutaka siku tatu za namna hiyo. Na likirudi baada ya wiki, basi tazama bomba la chuma au tangi. Ukutani unafuta matokeo tu.

Terazo na niru

Maji ya moto, sabuni ya maji, kijiko cha soda kwenye ndoo, brashi ya nyuzi laini, na uvumilivu. Utando ukiwa mzito, acha maji ya sabuni yakae dakika 20 kabla ya kusugua. Majivu ya mkaa wazee wetu waliyatumia na yanakata mafuta kweli, lakini yapepetwe kwa kitambaa kwanza, kwa sababu kipande kimoja cha mkaa kinaweza kuchora terazo. Chokaa iliyogandamana juu ya terazo usiihangaikie kwa dawa. Mwite mwenye mashine ya kung'arisha.

Ili isirudi upesi

Baada ya mtu wa mwisho kuoga, futa ukuta kwa skwiza, kile kifutio chenye ukingo wa mpira, au kwa kitambaa kikavu kama huna. Dakika moja. Maji yaliyofutwa hayana nafasi ya kukauka na kuacha jiwe. Wageni wangu siwezi kuwaomba hivyo, lakini mimi na binti anayenisaidia tunafanya kila chumba asubuhi, na usafishaji wa asidi umeshuka kutoka kila mwezi hadi mara tatu kwa mwaka.

Badilisha sabuni ukiweza. Sabuni ya mche na ya kipande hutoa utando kwenye maji magumu. Sabuni nyingi za maji na za unga hazitoi, au hutoa kidogo sana. Vyumbani nimeweka sabuni ya maji ya mkono. Kwa wanaopenda kipande, kibao kiwe na matundu, sabuni isilale kwenye maji.

Kinga maji ya mvua. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, acha dakika za kwanza zioshe mabati, kisha elekeza mfereji kwenye tangi au mapipa. Maji hayo hayana chokaa. Jirani yangu aliniuliza, "Sasa dada, nitaoga maji ya mvua mwaka mzima?" Hapana. Yaweke ya kusuuzia ukuta na kioo mwishoni, na ya kuchanganyia dawa. Kidogo tu kinatosha, na kioo hukauka bila alama.

Na rekebisha bomba linalodondosha. Washa ya mpira, ile pete ndogo ya ndani ya bomba, ni kitu kidogo cha dukani. Tone linalokauka mahali pamoja usiku na mchana ndilo linalojenga ile kola.

Dawa ulizobakiza zisikae kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Mtoto hajui. Andika jina kwenye chupa, weka juu, mbali na Jik.

Kama groti imeshalika

Nilipotengeneza bafu langu nilikwangua mistari yote iliyolainika kwa ncha ya msumari, mpaka kufika penye ugumu, nikatoa vumbi kwa mswaki, nikaosha kwa maji matupu, nikaacha ikauke siku mbili. Vile vigae vitatu vilivyokuwa vikilia tupu fundi mwingine alivibandua akavibandika upya kwanza. Kisha groti ya kununua, au sementi nyeupe iliyokorogwa nzito kama siagi ya karanga, inabonyezwa ndani ya mstari kwa kipande cha mpira, ikifutwa mshazari ili isichimbuke. Baada ya nusu saa futa ukungu juu ya vigae kwa sponji lililokamuliwa. Kesho yake na keshokutwa ipulizie maji kidogo asubuhi na jioni isikauke kwa haraka na kupasuka. Usioge humo kwa angalau saa 24, na siki au sitriki isiguse mistari hiyo kabla ya siku 28 kupita.